Dawa Inayopimwa kwa Jerikeni

Mguu ukiteguka uwanjani Bwera, wilayani Kasese, Uganda, anayejua ndiye wa mwisho kuugusa. Kabla yake watakuwa wamepita wengi. Kipa ameshika kisigino na kukivuta kwa nguvu zake zote, kwa nia njema. Nahodha amemwaga chupa nzima ya maji baridi. Mzee aliyesimama karibu na kibendera cha kona anapendekeza maji ya moto na chumvi ya Katwe. Mwalimu wa michezo anauliza kama kijana anaweza kuendelea, maana zimebaki dakika kumi na wako nyuma kwa bao moja. Mtaalamu wa viungo, siku ambayo bahati imemleta, husimama pembeni, mikono mgongoni, akitazama namna kijana anavyotoka uwanjani. Ukidhani anasubiri zamu yake umekosea. Kazi ameshaianza.

Anatazama kama kijana anakanyaga, na akikanyaga anatanguliza vidole au kisigino. Anatazama mkono uliowekwa begani kwa mwenzake: je, umebeba uzito wa mwili, au umewekwa kwa sababu ya woga? Goti linakunjika? Macho yanatazama mguu au yanatazama mpira? Kijana ambaye bado anafuatilia mpira kwa macho huku akichechemea mara nyingi ana nafuu kuliko yule aliyenyamaza. Hayo yote huonekana katika hatua kumi au kumi na tano za kutoka uwanjani, na yakishapita hayarudi, kwa sababu kijana akishaketi na kuzungukwa na watu ataanza kuigiza, ama ushujaa ama maumivu.

Ndipo mtaalamu anapopiga magoti, na cha kwanza kushika ni mguu mzima. Wa pili utangoja. Anataka kujua mifupa ya huyu mtu ilivyo kabla ya kuumia, maana wapo waliozaliwa na kano legevu na wapo waliokaza tangu utoto. Akihamia mguu ulioumia anaanzia mbali, juu karibu na goti, upande wa nje, kwa sababu kifundo kikipindishwa kwa nguvu mfupa mwembamba wa muundi unaweza kuvunjika huko juu huku watu wote wanashughulika na uvimbe wa chini. Anateremka polepole kwa ncha ya kidole gumba. Wakati wote huo macho yake yako usoni mwa kijana. Mguu anauachia vidole.

Kuna kanuni nyuma ya kidole gumba hicho. Mwaka 1992 kundi la madaktari wa Ottawa, Kanada, likiongozwa na Ian Stiell, lilichapisha utaratibu wa kuamua ni kifundo kipi kipigwe picha ya eksirei na kipi kisipigwe. Walikuwa wamechoka kuona kila aliyeteguka akipelekwa kwenye mashine ilhali waliovunjika kweli walikuwa wachache. Utaratibu wenyewe unaingia kwenye kiganja. Bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa unaochomoza upande wa nje wa kifundo, kuanzia nchani kupanda sentimita 6. Fanya hivyo hivyo upande wa ndani. Bonyeza pia mfupa unaochomoza ukingoni mwa unyayo, nyuma ya kidole kidogo, na ule ulio juu ya upinde wa unyayo kwa ndani. Kisha mwombe mtu atembee hatua nne, hata kama atachechemea. Kama mifupa hiyo haiumi ikibonyezwa, na hatua nne zimepatikana, iwe pale pale alipoumia au mbele ya mpimaji, hakuna haja ya picha. Kanuni hii haimfai mlevi, wala mtu ambaye kisukari kimeua hisia za miguu yake, wala mtoto mdogo asiyeweza kueleza. Kwa wengine imepimwa katika nchi nyingi na ni nadra sana kumkosa aliyevunjika.

Kanada kanuni hiyo ilipunguza foleni. Huku, ambako picha maana yake ni nauli ya boda boda, siku nzima ya kazi na pesa ya mashine, inaamua kama mama atauza kuku au hatauza. Sijui kama Stiell aliwahi kufikiria kuku.

Kinachonivutia zaidi ni yale ambayo mtaalamu anakataa kuyafanya siku hiyo. Hapimi kano. Kano inayochanika mara nyingi kifundo kikipinda kwenda ndani ni ile ya mbele upande wa nje, na njia ya kuijua kama imekatika kabisa ni kushika kisigino na kukivuta mbele huku mkono mwingine umezuia muundi. Lakini siku ya kwanza misuli imejikaza kwa maumivu na uvimbe umejaa, na mkono wa aliye stadi kuliko wote hautaambulia kitu. Siku ya nne au ya tano mguu huohuo utasema wazi. Kwa hiyo anafunga bendeji, anaagiza mguu uinuliwe juu ya mto, anamwambia kijana arudi siku ya tano. Barafu haipi uzito mkubwa. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza mwaka 1978 ule utaratibu maarufu wa kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua, alikiri mwenyewe mwaka 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Bwera hawakulazimika kungoja masahihisho hayo. Barafu iliyopo ni ya soda.

Siku ya tano ndipo ugomvi unapoanza, na ni ugomvi wa matarajio. Watu wa Kasese, kama watu wa pwani na wa Nairobi, wanamjua mchua misuli. Wanataka kuchuliwa. Taaluma yenyewe ilizaliwa kwenye kuchua: mwaka 1894 wauguzi wanne wa Uingereza, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, waliunda chama cha wachuaji waliosomea, wakitaka kuilinda heshima ya kazi hiyo wakati nyumba nyingi za kuchua zilikuwa zimepata sifa mbaya. Zaidi ya karne moja imepita, na walio hodari siku hizi huchua kidogo sana. Mgonjwa amepanda boda kutoka Mpondwe, amengoja kwenye benchi, halafu anaambiwa asimame kwa mguu mmoja.

“Musawo, daktari wangu, nimekuja unitibu.”

“Ndiyo nakutibu. Funga macho.”

Akifunga macho anayumba, anatapa, anashika ukuta. Hapo mtaalamu amepata alichokitafuta. Kano ina kazi ya kushikilia mifupa, na ina kazi nyingine isiyoonekana: ndani yake mna neva zinazopeleka habari ya jinsi mguu ulivyokaa. Kano ikichanika habari hizo huchelewa, na misuli ya upande wa nje wa muundi, iliyopaswa kuukamata mguu kabla haujapinda, hukurupuka wakati mguu umeshapinda. Ndiyo sababu aliyeteguka mara moja huteguka tena na tena, na watu husema mguu wake umezoea. Tiba ni kusimama kwa mguu mmoja sakafuni, kisha juu ya gunia lililokunjwa, kisha macho yamefungwa, kisha huku ukidaka mpira. Mtaalamu mwerevu anaifunga dawa hiyo kwenye jambo ambalo mtu hulifanya kila siku bila kukumbushwa: simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, asubuhi wa kushoto, jioni wa kulia. Haihitaji muda wala vifaa, kwa hiyo mgonjwa hana pa kupata udhuru.

Vifaa vyenyewe vinafaa kutazamwa kwa karibu. Mtaalamu anayesomea fiziotherapia Mulago au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara hufundishwa mashine za umeme, mikanda ya mpira ya rangi rangi, mipira mikubwa ya kukalia. Akifika vijijini anakuta mengine. Hospitali ya Kilembe, iliyojengwa enzi za mgodi wa shaba, Mto Nyamwamba uliivamia Mei 2013 na kurudi tena Mei 2020 kwa hasira zaidi. Kwenye bonde la namna hiyo busara ni kutotegemea sana kitu ambacho maji yanaweza kukichukua. Mkanda wa mpira unakatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Ukizoeleka na kuwa mwepesi, unahamia tyubu ya pikipiki, ambayo ni nene na haivutiki kirahisi. Hizo ni ngazi mbili za dawa. Ukikunja tyubu mara mbili umepata ya tatu.

Halafu kuna jerikeni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hakuna nyumba kati ya Kasese na mpaka wa Kongo isiyokuwa na jerikeni. Kwa hiyo kila nyumba ina mizani, ila hawaiiti hivyo.

Ili kuona kwa nini jambo hilo lina uzito, turudi Chicago wakati Vita vya Pili vya Dunia vinakaribia mwisho. Hospitali ya jeshi ya Gardiner ilikuwa imejaa askari walioumia magoti na mapaja. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi, mara nyingi, kwa muda mrefu, na walikuwa hawapati nguvu. Daktari kijana, Thomas DeLorme, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mpenzi wa kunyanyua vyuma, aliamua kufanya kinyume. Aliwavisha kiatu cha chuma, akakiongezea uzito mpaka ule ambao mtu anaweza kuunyanyua mara 10 tu na si zaidi. Mwaka 1945 alichapisha matokeo. Miaka michache baadaye utaratibu ulirahisishwa: mara 10 kwa nusu ya uzito huo, mara 10 kwa robo tatu, mara 10 kwa uzito wote, kisha kila baada ya siku kadhaa unapima upya na kupandisha. Wanaonyanyua vyuma Kampala leo wanatumia hesabu ya DeLorme hata kama hawajawahi kulisikia jina lake.

Ihamishie Bwera. Mgonjwa wa goti anakaa juu ya meza, miguu inaning'inia. Jerikeni ndogo imefungwa kwa kitenge juu ya kifundo. Inajazwa kidogo kidogo mpaka ipatikane kiasi ambacho ananyoosha goti mara 10 na ya 11 inamshinda. Tuseme ni lita 8. Basi dawa ya nyumbani ni lita 4 mara 10, lita 6 mara 10, lita 8 mara 10. Mtoto wa darasa la nne anaweza kusimamia zoezi hilo, na mara nyingi ndiye anayesimamia. Wiki ijayo zinaongezwa lita. Aliyechora alama za kalamu ubavuni mwa jerikeni, moja kwa kila lita, amemaliza tatizo ambalo DeLorme alihitaji mhunzi kulitatua.

Kinachohitaji ustadi ni kuongeza. Ongeza upesi, goti litavimba na mgonjwa hatarudi. Chelewa, msuli hautaona sababu ya kukua na mgonjwa atachoka kuona hakuna kinachobadilika, naye hatarudi vilevile. Mtaalamu hapati namba hiyo kitabuni. Anauliza: jana baada ya zoezi uliumwa? Ulilala? Asubuhi goti lilikuwa limekaza kwa muda gani kabla ya kulegea? Maumivu yaliyokwisha kabla ya kulala anayaacha. Yaliyomwamsha mtu usiku yanapunguza lita mbili. Anaandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Nikitazama madaftari ya namna hiyo, nguzo za tarehe, lita, mara, na neno moja la maumivu, naona kazi yote imo humo, na asiyejua atadhani ni hesabu za duka la maziwa.

Kisa kinachosimuliwa sana katika taaluma hii ni cha Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Umeå, Sweden. Alikuwa mkimbiaji, na kano yake ya kisigino ilikuwa inauma kiasi cha kumkosesha raha. Aliomba afanyiwe upasuaji, mkubwa wake akakataa, maana kano ilikuwa nzima. Inasemekana aliamua kuikata mwenyewe kwa kuitesa: akasimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino chini tena na tena, kwa uzito uliozidi kuongezeka, akingoja ikatike. Badala ya kukatika ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya wakimbiaji 15: visigino vishushwe mara 15, duru tatu goti likiwa limenyooka na duru tatu likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, siku saba kwa wiki, kwa wiki 12. Ukizidisha ni mara 180 kwa siku. Wote 15 walirudi kukimbia. Kidato kimoja cha baraza kinatosha kwa dawa hiyo, na mtu akiambiwa kwamba inaruhusiwa kuuma kidogo anaacha kuogopa mguu wake.

Kushusha ndilo neno la kushika hapo, na watu wa Rwenzori wanalijua kuliko wa Umeå. Ndugu zetu Wakonzo wanaishi kwenye miteremko. Kahawa inateremka, mihogo inateremka, ndizi zinateremka kwenda sokoni Bwera na Mpondwe, nyingi zikiwa mgongoni mwa wanawake, ukanda ukipita kwenye paji la uso. Msuli unaopanda mlima hujifupisha ukifanya kazi. Msuli unaoteremka hufanya kazi huku unavutwa na kurefuka, kwa sababu paja la mbele ndilo breki ya mwili. Kazi ya namna hiyo hujenga sana na pia huchana sana. Ndiyo maana mtu aliyepanda siku nzima hulala vizuri, na aliyeteremka siku nzima anashindwa kuketi chooni siku ya pili yake.

Nikifikiria wanaobeba mizigo, nawakumbuka wale vijana wa Marekani, na siku hizi wa nchi nyingi, wanaorushana hewani na kujenga minara ya watu juu ya mikeka, mchezo uliotokana na kushangilia timu na ambao Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua kikamilifu mwaka 2021. Kwenye kumbi zao kuna wataalamu wa viungo wanaosimama ukingoni mwa mkeka. Wataalamu wa timu nchini Marekani wana chama chao tangu 1950. Huku kwetu walio karibu nao ni vijana wa sarakasi, wa Nairobi na kwingineko, wanaopandiana mabegani mpaka watatu au wanne kwenda juu. Watazamaji wote huangalia aliye kileleni. Ukimwona mtu ambaye macho yake yako chini, kwenye viganja, viuno na magoti ya wanaobeba, huyo ndiye mtaalamu. Aliye juu akianguka, mara nyingi sababu ilianza chini: kiganja kilichochoka, mgongo uliopinda kidogo kwenye zoezi la sita kwa sababu la tano halikupewa mapumziko. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema wahenga, na kocha ndiye anayeuona mwepesi kuliko wote.

Mlimani ni hivyohivyo. Mgeni anapigwa picha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, na aliyembebea chakula na hema haonekani pichani. Wapagazi wanaoondokea Nyakalengija na Kilembe hupanda kwenye matope, mizizi yenye utelezi na mawe, na hurudi njia ya namna hiyohiyo. Wakija hospitalini, iwe Kagando au Bwera, wengi wanalalamikia goti, na wengi wanasema liliuma wakati wa kushuka. Mtaalamu asiyeijua njia atawaambia wapumzike mwezi mzima. Anayeijua hasemi hivyo, kwa kuwa mwezi mzima bila kazi ni ada ya shule, na pia kwa kuwa goti lililopumzika mwezi litarudi mlimani likiwa dhaifu kuliko lilivyoondoka. Atauliza mzigo ulikuwa umefungwa wapi mgongoni, hatua zilikuwa ndefu kiasi gani, kama alitumia fimbo. Atamfundisha kushuka kidato cha baraza kwa mguu mmoja, polepole, huku akihesabu mpaka nne, goti likielekea kidole cha pili cha mguu wala lisiangukie ndani. Zoezi hilo halina mvuto wowote kulitazama. Nimewahi kulitazama kwa muda mrefu, na kila mara mtaalamu aliona kosa ambalo mimi sikuliona: nyonga ya upande wa pili ilishuka kidogo sana.

Waunga mifupa nao wapo, na wana wateja wengi kuliko hospitali. Mtaalamu mwenye akili hawakejeli. Wengine wana mikono mizuri kweli, na wanajua kumtuliza mtu kwa maneno. Hatari yao iko kwenye kamba. Vijiti vikifungwa vikabana sana damu haipiti, na mguu uliokuwa umevunjika tu unageuka kuwa mguu wa kukatwa. Badala ya mahubiri, kuna wanaowafundisha jambo moja dogo: bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie, na uone kama wekundu unarudi ndani ya sekunde mbili. Usiporudi, legeza. Muunga mifupa mmoja akilishika hilo ni bora kuliko barua kumi za kumkataza.

Kazi ngumu kuliko zote ni kusema bado. Kijana aliyeteguka ametimiza wiki tano, hachechemei, anacheka, na timu ina mechi.

“Musawo, fainali ni Jumamosi.”

“Jumamosi atakuwa shabiki, mwalimu wangu.”

“Lakini anakimbia! Mtazame!”

Mtaalamu habishani. Anachora mstari mchangani. Kijana anaruka kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu huohuo, mara tatu kwa kila mguu, na umbali unapimwa kwa futi ya fundi cherehani. Mguu mzima sentimita 150. Ulioumia 126. Hiyo ni asilimia 84, na wengi katika taaluma hawaruhusu mtu chini ya 90. Mwalimu wa michezo, ambaye pia hufundisha hisabati, anakosa la kusema. Ila mtaalamu mzuri hatosheki na futi. Anajua kwamba mguu mzima nao umekuwa ukipumzika, hivyo kipimo chake kimeshuka, na asilimia inaweza kudanganya. Kwa hiyo anasikiliza pia. Anayetua kwa kishindo bado hana breki. Anayetua kimya, goti likikunjika na mwili ukibaki umetulia, huyo anakaribia. Na kama jeraha ni la kichwa, yaani mtu amegongwa akapoteza fahamu au akachanganyikiwa hata kwa dakika moja, hakuna kupima wala kujadiliana: siku hiyo harudi uwanjani.

Mengi ya haya yangeweza kuzuiwa, na mtaalamu ndiye wa kwanza kukubali, ingawa kunampunguzia wateja. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili moto yanayoitwa 11+, ya dakika 20 hivi, yasiyohitaji kitu zaidi ya mpira: kukimbia, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua, kupiga magoti mwenzako akishika visigino vyako huku ukijiachia mbele taratibu. Nchini Norwei yalipimwa kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa 2008, na majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Lagos yalipimwa kwa vijana wa kiume, na utafiti uliotoka 2014 ulionyesha majeraha yakipungua kwa asilimia 41. Shida yake ni kwamba yanachosha akili. Hayana wimbo. Kocha ambaye timu yake haijaumia hawezi kujua kama ni mazoezi au ni bahati, kwa hiyo kufikia muhula wa pili anayaacha na kurudi kwenye kuzunguka uwanja mara mbili.

Tangu 2022 Kasese ina mashindano ya mbio za marathoni yenye jina la mlima, na wakimbiaji wengi hutoka Kampala na nchi jirani. Wenyeji nao wanajiandikisha zaidi kila mwaka, wengine wakiwa hawajawahi kukimbia zaidi ya kuwahi basi. Wakimbiaji hao na wapagazi wanaosubiri msimu wa kiangazi humwendea mtaalamu na swali moja: nifanyeje nisiumwe mapaja? Jibu lake linawashangaza. Msuli uliowahi kuteremka, hata mara moja, hata kidogo, hupungua kuumia safari inayofuata, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo wiki mbili kabla, anasema, tafuta kilima kifupi. Panda kwa boda ukitaka. Shuka kwa miguu, mara moja, bila mzigo, bila kukimbia. Utaumwa siku mbili, na mkeo atakucheka ukishikilia ukuta kuelekea chooni. Siku ya nne shuka tena, safari hii na jerikeni ya lita 5. Siku ya nane, lita 10. Ishirini usiziguse, hizo zinakusubiri mlimani.